Shajara ya WRX: injini moja, oili mbili na mlima Kitonga

3 Machi

Juu ya meza yangu kuna nusu ya bering ya konrodi, mkono unaoshika pistoni, imepinda kama kipande cha ganda la chungwa. Upande wa ndani ulitakiwa uwe wa kijivu, umetulia, unateleza kidoleni. Huu una mistari inayokwaruza ukucha, na katikati shaba imejitokeza, nyekundu kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ndiyo iliyoua injini.

Ilikuwa Desemba, usiku, tumeshapita Mikumi na hatujafika Ruaha Mbuyuni. Mama alikuwa kiti cha mbele, tunakwenda Iringa kumzika dada yake. Sauti ilianza mbali, kama mtu anagonga bati kwa nyundo ndogo chini ya miguu yangu. Nikikanyaga mafuta, nyundo inaongeza kasi. Nikazima gari, nikafungua boneti, nikachomoa stiki ya oili. Ncha yake ilikuwa kavu.

Tulikaa pale kwenye mibuyu mpaka karibu alfajiri, dereva wa lori alipokubali kumchukua mama. Alifika Iringa kaburi limeshafukiwa. Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja, na ndiyo sababu bering hii haiondoki mezani.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini EJ205, cc 1,994, silinda nne zilizolala kushoto na kulia, turbo moja. Afrika Mashariki tulilipenda gari hili kwa kuliona kwenye vumbi la Safari Rally, Colin McRae alipolishindia mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Lakini injini ya mashindano hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Zetu zinafika Dar zikiwa na miaka yake, zinapigwa foleni ya Ubungo asubuhi na jioni, mwisho wa wiki tunazitaka zipande milima kama jana zimetoka kiwandani.

Sampu ya EJ205, yaani bakuli la oili chini ya injini, inachukua lita nne tu. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki kuna takriban lita moja. Injini yangu ilikuwa inakula oili, nami nilikuwa nimetembea kilomita 4,200 tangu nimwage, bila kuchungulia hata siku moja. Kwa miaka miwili mimi na wenzangu tulibishana ni oili ya aina gani inafaa. Hakuna aliyeulizana iliyobaki ni kiasi gani.

10 Machi

Fundi wangu wa Tabata alianza kufungua injini za Subaru kabla mimi sijajua kuendesha. Leo nilimkuta anasafisha bloku kwa petroli na brashi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamuuliza tutaweka oili gani tukimaliza.

"Mdogo wangu, Dar hakuna baridi. Hiyo 5W ni ya watu wa theluji. Weka 20W-50, nzito, injini itulie."

Jamaa wenye WRX wanasema kinyume chake kabisa: bila sintetiki turbo haimalizi mwaka. Nikawauliza wote swali lilelile, nani amepima? Fundi ana masikio yake ya miaka ishirini na kitu, nayaheshimu. Wenzangu wana walichosoma. Namba hana mtu.

Basi nimeamua. Injini inaundwa upya: bering mpya, ringi mpya, pampu mpya ya oili, gasketi na sili zote mpya. Itaanza na oili ya kawaida, kisha sintetiki, barabara zilezile, dereva yuleyule. Nafunga geji mbili, moja ya presha ya oili na moja ya joto lake. Kila nikimwaga, filta naikata na kuifungua nione imekamata nini. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, nasoma stiki, na oili yoyote ninayoongeza naipima kwa bomba la sindano la mililita 100.

Chapa sitazitaja humu. Chupa chache kwenye injini moja hazitoshi kumhukumu mtengenezaji yeyote.

29 Machi. Kilomita 0

Imewaka saa tisa alasiri. Fundi alichomoa kwanza plagi, tukaizungusha kwa stata tu mpaka mshale wa presha ukanyanyuka, ndipo tukarudisha plagi. Alisimama na bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye bloku, akasikiliza kila silinda kama daktari. Akatikisa kichwa kukubali.

Ndani kuna oili ya kawaida 15W-40. Hapa sikubishana naye: ringi mpya zinataka zisuguane kidogo na ukuta wa silinda ili zikae, na kwa injini iliyofunguliwa gereji oili hii itamwagwa upesi hata hivyo, kwa hiyo kuweka ya bei kubwa ni hasara tupu. Ingawa nimwambie ukweli msomaji, hoja kwamba injini mpya haiwezi kuzaliwa kwenye sintetiki haina mashiko. Chevrolet Corvette zinatoka kiwandani na Mobil 1 tangu 1992, na ringi zake zinakaa.

12 Aprili. Kilomita 500

Nimemwaga. Filta ina unga wa chuma unaong'aa kama magamba ya samaki kwenye mikunjo. Fundi anasema ni wa kawaida kwa injini mpya. Nimepitisha sumaku, mwingi umenata.

17 Mei. Kilomita 1,500. Oili ya kawaida, raundi ya kwanza

Filta ya leo ni safi zaidi. Sasa jaribio lenyewe linaanza. Nimeweka 20W-50 ya kawaida, ile fundi anayoiamini.

Kabla sijaendelea, namba hizi zenyewe zinasema nini. 20W-50 na 5W-40 zinatoka kwenye jedwali la SAE, chama cha wahandisi wa magari. Namba iliyobeba W inapimwa kwenye baridi ambayo Tanzania hatuijui: 5W inajaribiwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni mnato oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa hiyo fundi yuko sawa kwamba hakuna asubuhi ya Dar, wala ya Njombe mwezi wa saba, itakayoigandisha 20W.

Anachokiruka ni kilicho katikati. Injini yetu inawashwa kwenye nyuzi 26 au 28. Nimeangalia karatasi za vipimo za oili kadhaa: kwenye nyuzi 40, 20W-50 ya kawaida huwa na mnato wa karibu mara mbili ya 5W-40 sintetiki. Kwenye nyuzi 100 tofauti inapungua sana, ni kama 18 kwa 14. Maana yake ile nzito ni nzito kupita kiasi wakati wa asubuhi, ndipo inaanza kukaribia mwenzake injini ikishachemka. Na dakika za asubuhi ndizo oili inatakiwa ipande haraka mpaka kwenye turbo, kupitia kibomba chembamba kama kalamu.

Usomaji wa kwanza, oili ikiwa nyuzi 95, gari limesimama linanguruma tu: bar 1.7. Kitabu cha ufundi cha EJ kinataka isishuke chini ya kilopaskali 98, yaani kama bar 1, kwa mizunguko 600, oili ikiwa nyuzi 80. Tumepita vizuri.

Fundi alipoiona hiyo 1.7 aliniangalia tu, akaendelea na kazi yake.

14 Juni

Kilomita 870 kwenye oili hii. Nimeongeza mililita 300. Foleni ya Mandela imenikalia saa mbili kwa siku wiki hii yote.

12 Julai. Kitonga, mara ya kwanza

Nimeondoka Dar saa kumi alfajiri. Kibaha, Chalinze, Morogoro, mafuta na chai. Ndani ya Mikumi mwendo ni wa matuta na alama za spidi, na ni haki yake, twiga wawili walikuwa kando kabisa ya lami. Baada ya hapo barabara inashuka kwenye bonde la mibuyu na joto linapanda.

Kitonga ninaipenda kama kipimo kwa sababu haitaki spidi. Kona zake zinakubana nyuma ya malori, unapanda kwa gia ya pili, turbo inasukuma, upepo wa kupoza rejeta haupo. Injini inafanya kazi ngumu huku gari halitembei. Hakuna barabara ya Dar inayoweza kuiga hali hiyo.

Chini ya mlima oili ilikuwa nyuzi 98. Nikakaa nyuma ya lori la saruji. Nyuzi 107. Lori likasimama kabisa kwenye kona kwa dakika kama mbili kupisha mwenzake anayeshuka, tukaondoka tena kwa nguvu. 113. Karibu na kileleni mshale ukagusa 119 na kubaki pale mpaka Ilula.

Ilula nilisimama kwa wauza nyanya na sikuzima injini. Dakika mbili nzima imenguruma. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili. Ukizima ghafla baada ya kupanda, oili iliyobaki ndani ya bering zake inakaa kwenye chuma cha moto bila kusogea, inaungua, inaacha kaboni ngumu kama masizi ya kibatari. Turbo ya WRX inapozwa na maji pia, na maji hayo yanasaidia hata baada ya kuzima, lakini dakika mbili hazinigharimu kitu.

9 Agosti. Kilomita 4,500. Namwaga oili ya kawaida

Kilomita 3,000 kamili. Matokeo:

Presha, hali ileile ya nyuzi 95: bar 1.2. Ilianza 1.7.

Oili niliyoongeza jumla: mililita 850.

Hiyo ya presha imenishtua kuliko zote. Nilidhani geji imeharibika, nikaazima nyingine, ikasema hivyohivyo. Sababu inajulikana. Ili oili ya kawaida iitwe 20W-50, yaani isigande sana kwenye baridi na isiwe maji kwenye moto, wanaichanganya na polima, nyuzi ndefu zinazojikunjua joto likipanda na kuizuia isilegee. Ndani ya injini polima hizo zinapita kwenye meno ya pampu na ndani ya bering, zinakatwakatwa. Zikishakatika, oili inarudi karibu na wepesi wake wa asili. Petroli kidogo inayopenya kwenye ringi, hasa kwenye foleni, inaimalizia. Kwa hiyo 50 niliyonunua Mei, Agosti sidhani kama ilikuwa 50 bado.

Filta: safi, chembe mbili tatu. Oili nyeusi tii, lakini weusi peke yake haunisumbui. Oili yenye sabuni nzuri ndani yake lazima iwe nyeusi, maana imebeba uchafu badala ya kuuacha kwenye kuta.

Jambo jingine, lililoanza jana jioni.

Sintetiki nilikuwa nimeshainunua wiki iliyopita, kwenye duka moja la vipuri, kwa bei iliyonifurahisha. Jana nilipoishika vizuri, moyo ukasita. Karatasi ya fedha ya mdomoni ilikuwa imegandishwa kwa gundi iliyomwagikia pembeni. Namba za toleo kwenye chupa hazikulingana na za kwenye boksi. Nikamimina kidogo kwenye glasi ya chai, nikaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi chini palikuwa na tabaka jembamba la kijivu, na juu oili ilinuka moshi, harufu ya oili iliyokwisha kutumika.

Niliirudisha dukani. Hawakukubali kosa, wala sikutegemea. Nimenunua nyingine kwa wakala, bei ni mara mbili na nusu ya ile ya kawaida. Inaniuma, lakini ningemimina ile ya kwanza, mradi wote ungekuwa unapima uchafu wa mtu. Ninyi mnaosoma humu, glasi na usiku mmoja havina gharama. Fanyeni.

10 Agosti. Sintetiki 5W-40

Nimewasha saa kumi na mbili asubuhi. Injini hizi zilizolala zina mlio wake wa asubuhi, kama mtu anapiga vidole kwenye meza, pistoni zikiwa bado hazijapanuka. Na 20W-50 mlio ulikaa kama sekunde nne au tano kabla presha haijakamata na valvu kutulia. Leo mshale ulinyanyuka karibu pamoja na injini. Mlio wa pistoni uko palepale, wa valvu haupo.

Kwenye nyuzi 95: bar 1.3.

Nilimpigia fundi. "Si nilikwambia? Nyepesi hiyo. Utanikumbuka."

Namba haimpingi. Siku ya kwanza kwa siku ya kwanza, ya kawaida ilikuwa na presha kubwa zaidi. Lakini presha ni ugumu wa oili kupita, na anayelinda bering ni ule utando unaobaki chuma kikibanwa. Utando huo una kipimo chake, kinafanywa kwa nyuzi 150 huku oili ikikatwa kwa kasi kubwa. Hapo 20W-50 inatakiwa isipungue 3.7, na 5W-40 isipungue 3.5. Tofauti ndogo namna hiyo! Inayoachwa nyuma kweli ni 5W-30 ya kubania mafuta, ambayo inaruhusiwa mpaka 2.9. Kwa turbo kwenye joto letu hiyo siiweki. Na hata kitabu cha Subaru, pamoja na kupendekeza 5W-30, kinaruhusu oili nzito zaidi kwenye nchi za joto kali na kazi nzito, 20W-50 ikiwemo. Fundi wangu hakulitoa hewani neno lake.

24 Agosti

Oili inachuruzika kwenye kifuniko cha valvu upande wa kulia. Ndani ya saa moja nimeshapokea ujumbe tano: "Sintetiki hiyo, inatoboa sili." Maneno haya yana historia. Sintetiki za zamani za PAO, msingi ulioundwa kiwandani, zilikuwa zinakausha mpira wa sili, na kwenye injini iliyochoka sabuni yake husafisha utope uliokuwa unaziba nyufa. Siku hizi viungo vinavyoongezwa vinasawazisha hilo la mpira. Kwangu sili zote zina miezi mitano. Nimeingia chini na tochi: bolti moja ya kifuniko ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nimekaza. Pakavu.

20 Septemba

Mtu ameniuliza kama "sintetiki" yangu ni sintetiki kweli. Swali zuri. Mobil 1 ilipotoka 1974, neno lilimaanisha oili iliyoundwa kiwandani molekuli kwa molekuli. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachoamua kesi za matangazo kiliukubali upande wa Castrol dhidi ya Mobil, kwamba oili ya kundi la tatu, inayotoka kwenye mafuta ghafi lakini ikasafishwa kwa hidrojeni mpaka molekuli zikabadilika, nayo inaweza kuitwa sintetiki. Ujerumani wamebana zaidi. Chupa nyingi madukani mwetu ni kundi la tatu, na yangu nadhani ni hiyo. Sioni ubaya. Kinachonihusu ni kwamba msingi wake wenyewe hauyumbi sana na joto, kwa hiyo hauhitaji kubebwa na polima kama ile nyingine.

4 Oktoba

Kilomita 1,900 kwenye sintetiki. Nimeongeza 250.

15 Novemba. Kitonga, mara ya pili

Nilitaka mwezi wa joto. Pale Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu walikuwa wamekimbilia chini ya turubai, lami inameremeta kama ina maji. Safari hii nilikuwa nyuma ya lori la mafuta, polepole kuliko lile la Julai.

Chini ya mlima nyuzi 101. Kona ya kwanza 106. Nikasubiri ipande. Ilipanda, taratibu, 110, 112. Kileleni 114, ikashuka yenyewe kabla ya Ilula.

Hewa ilikuwa ya moto zaidi ya Julai na oili ikawa baridi zaidi kwa nyuzi tano. Oili nzito inajisugua yenyewe kwenye bering na pampu, na msuguano huo ni joto. Nimerudi Dar nikiwa na hamu ya kuandika hukumu.

13 Desemba. Kilomita 9,500. Namwaga sintetiki

Niliiacha ifike 5,000. Presha kwenye nyuzi 95: mwanzo 1.3, kilomita 3,000 ilikuwa 1.2, leo 1.15. Oili niliyoongeza mpaka 3,000: mililita 400, dhidi ya 850 za ile ya kawaida. Filta safi kuliko zote.

Kwenye karatasi, kesi imekwisha. Ila jana usiku sikulala vizuri kwa sababu ya hizo 850.

Injini ilikuwa na kilomita 1,500 tu nilipoanza na oili ya kawaida. Ringi zilikuwa bado zinakaa. Injini mpya hula oili zaidi, halafu inapunguza. Inawezekana nimeisifu sintetiki kwa kazi iliyofanywa na ringi. Nikiandika hukumu sasa nitakuwa nimewadanganya watu, na wa kwanza wao ni fundi wangu.

Kwa hiyo leo nimerudisha 20W-50, chapa ileile, kutoka duka lilelile.

Fundi alifurahi. Sikumweleza sababu mpaka alipomaliza kukaza filta. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapo umefanya kiutu uzima."

14 Februari. Kitonga, mara ya tatu, oili ya kawaida

118.

28 Februari. Kilomita 12,500

Raundi ya pili ya oili ya kawaida imeisha. Presha ilianza 1.7, imeishia 1.25. Kwa hiyo ile ya kuporomoka haikuwa bahati mbaya ya chupa moja. Joto la Kitonga nalo limejirudia, nyuzi moja tu tofauti na la Julai.

Ila oili iliyoliwa ni mililita 600. Katika zile 450 zilizozitenganisha oili hizi mara ya kwanza, 250 zilikuwa za ringi. Zilizobaki 200 ndizo naweza kuzipa sintetiki, na naona zinaeleweka: kipimo cha Noack kinachemsha oili kwa nyuzi 250 kwa saa moja na kuangalia kiasi gani kimeyeyuka hewani, na oili ya kawaida hupoteza zaidi, maana molekuli zake ni mchanganyiko wa nyepesi na nzito. Nyepesi ndizo zinazoondoka kwanza. Mililita 200 kwa kilomita 3,000 ni glasi moja ya chai. Inafaa kuijua, haifai kuipigia ngoma.

Hukumu yangu kwa injini hii, na sisemi zaidi ya hii: sintetiki 5W-40 inakaa. Imeshinda pale ambapo sikutazamia, kwenye kutobadilika. Namba ya siku ya kwanza na ya kilomita 5,000 zinakaribiana, na hiyo inanipa uhakika kwamba nikifika Kitonga na oili yenye miezi mitatu bado ninacho nilichokinunua. Mwenye 20W-50 halisi anayemwaga kila kilomita 2,500 naye yuko salama, na akipiga hesabu anaweza asitumie pesa nyingi kuliko mimi. Anayekwenda 5,000 na ya kawaida kwenye turbo, kwa namba nilizoziona, namwomba aache.

Nikaenda kumwonyesha fundi daftari. Alilisoma lote, kidole kikifuata mistari, akarudi mara mbili kwenye safu ya presha. Kisha akaniuliza mbona safu ya stiki ya Jumamosi ndiyo ndefu kuliko zote. Nikamwambia wiki arobaini na nane, sijaruka hata moja. Wiki mbili kati ya hizo, bila kuchungulia, ningekuwa chini ya alama ya chini. Moja ilikuwa kwenye oili ya kawaida, nyingine kwenye sintetiki.

21 Machi

Sintetiki ndani, kilomita 700. Jana nimempeleka mama Iringa kwenye arobaini ya jirani yao wa zamani. Kuanzia Mikumi hakuongea sana. Tulipofika pale kwenye mibuyu alitazama nje, mkono ameuweka juu ya dashibodi, akauacha hapo mpaka tukaanza kupanda Kitonga. 113 kileleni.

Leo asubuhi Iringa kulikuwa na ubaridi na umande kwenye boneti. Nilitoka kabla watu hawajaamka, nikachomoa stiki, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha, nikachomoa tena. Nyuma yangu mlango ulifunguka, mama akauliza, "Ipo?"

Ipo, mama. Imefika alama ya juu, imepungua upana wa unyasi.